Kitunguu Ndani ya Paipu

Kabla sijamwona mtu yeyote nilisikia pumzi. Ilitoka ukutani, chini kidogo ya kiuno changu, pumzi ndefu ya mtu mzima anayepuliza bila haraka, na mwishoni mwake kulikuwa na mluzi mwembamba. Nilikuwa nimesimama katika chumba kisicho na madirisha wala plasta, juu ya kilima cha Rebero, Kigali, nikiwa na cheti cha ufundi wa umeme kwenye mkoba na viatu vipya miguuni. Nilidhani ni upepo. Kisha sauti ikaja nyuma ya pumzi ile, kutoka kwenye tundu la paipu nyeupe iliyochomoza kati ya matofali, ikaniambia, wewe mwenye viatu vinavyolia, inama unuse. Nikainama. Sauti ikauliza imekula nini. Nikasema kitunguu. Ikasema basi paipu iko wazi, njoo huku tuonane, na ukipita chumba cha katikati usikanyage saruji, bado mbichi.

Hivyo ndivyo nilivyomfahamu Melkiori, ambaye tulimzika mwezi uliopita. Baada ya makaburini tulirudi kunawa mikono kama desturi ilivyo, tukaketi kwenye viti vya kukodi katika ua wa nyumba yake Nyakabanda, tukapewa soda, na watu wakaanza kusimama mmoja mmoja kumzungumzia marehemu. Alisimama mama mmoja kutoka Kabeza, mwenye duka la vitambaa. Alisema kwamba miaka mingi iliyopita mzee huyu alibisha mlangoni kwake asubuhi akiwa na rundo la waya wa kijani na njano begani. Alikuwa amemwekea umeme zamani, na sasa alikuwa amerudi bila kuitwa. Alifanya kazi siku nzima kwa magoti, akakataa kulipwa, akakubali chai tu. Mtu mwingine akadakia kwamba hata kwao alikuja hivyohivyo, na kwa jirani yao pia. Ua mzima ukanung'unika kwa kuridhika, kama watu wanavyofanya wanaposikia habari ya utakatifu ulio karibu na nyumbani. Jamali, fundi mwenzangu wa siku zile, aliyekuwa ameketi karibu nami, mvi zimemjaa sasa, alitazama chupa yake ya soda. Mimi nilitazama ukuta wa nyumba, pale swichi ya nje ilipokuwa. Tulikuwa watu wawili tu katika ua ule tuliojua kwa nini alirudi kwenye nyumba zile, na hakuna kati yetu aliyesimama.

Mwaka ule wa kazi ya Rebero nilipanga chumba si mbali na nyumba hiyo ya Nyakabanda, kwenye mteremko. Kilikuwa na kitanda, ndoo mbili na taa moja iliyoning'inia kwa waya wake wenyewe, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nililala nikitazama waya na kujiuliza ulikuwa umepitia wapi. Asubuhi nilimkuta Melkiori barabarani, tukapanda kazini pamoja. Alikuwa mwembamba, mwenye kofia ya sufu isiyotoka kichwani hata jua likiwaka. Kiswahili chake kilikuwa cha Bujumbura, kama changu, chenye Kifaransa kilichochakaa ndani yake. Paipu aliiita tibu. Mimi aliniita mwanangu siku za kazi nzuri na mademwazeli siku za kazi mbaya. Alikuwa amefanya kazi miaka yake yote ya ujana katika kiwanda kimoja cha nguo kule Bujumbura, akaja Kigali ameshaota mvi, akawa anaweka umeme katika nyumba ndogondogo za Kabeza, taa na soketi chache, hadi mkandarasi mmoja alipomwona na kumpa nyumba hii ya Rebero. Ilikuwa nyumba yake kubwa ya kwanza kuisimamia mwenyewe. Hakulisema jambo hilo, lakini alikuwa anafika kabla ya mlinzi kufungua geti.

Kazi ya kukunja paipu ndiyo iliyonifanya nibaki. Mafundi wengine niliowaona walikuwa wanaipasha paipu kwa moto wa karatasi hadi inyong'onyee, wakaikunja, na pale ilipokunjwa ikabaki imebanwa kama koo la mtu anayekabwa, na rangi ya kahawia. Melkiori alikataza moto. Alisema plastiki iliyoungua imekuwa nyembamba mahali usipopaona, na mahali pembamba ndipo umeme utakapokaa kusubiri. Alikuwa anaziweka paipu juani juu ya mabati mapema, anakunywa chai, kisha anaingiza springi ndefu ndani ya paipu ili isibonyee, anaiweka juu ya goti na kuivuta kuelekea kifuani taratibu, kama anamlaza mtoto. Kona ikatoka pana na laini. Alikuwa akipitisha kidole juu yake huku amefumba macho. Halafu tunaziweka ukutani, na kabla ya plasta anapuliza kila paipu kutoka upande mmoja nami nanusa upande mwingine. Kwa ajili hiyo alikuwa anakula kitunguu kibichi kila mchana na maharage yake, kitunguu kizima, anakiuma kama tunda. Mama aliyetupikia, aliyeleta sufuria za wali na isombe ya majani ya muhogo kichwani, alikuwa akimwambia kwamba nyumba hii haitapata mkwe kwa sababu kuta zote zinanuka. Yeye alikuwa anajibu kwamba mkwe mzuri huanzia kwenye harufu, akipita hapo hakuna kitakachomshinda.

Nyumba isiyo na milango ina tabia ya kupitisha maneno. Kupitia paipu nilisikia mambo mengi mwaka ule: waashi wakigombana juu ya timu za mpira, mchora ramani akimdanganya mtu kwenye simu kwamba yuko mbali, Huye, na mara moja Melkiori mwenyewe akiimba zaburi kwa Kirundi, bila kujua kwamba sauti yake inatokea jikoni. Nilipomuuliza kwa nini plastiki inapitisha sauti vizuri hivyo lakini umeme haipitishi, aliweka paipu chini. Alisema plastiki ni kama mtu asiyepeleka maneno. Ukimwambia neno linaishia kwake. Kwa hiyo unaweza kulaza nyaya ndani yake, ukamwagia ukuta maji, ukaegemea hapo na mtoto mgongoni, usijue kwamba kuna kitu. Alilisema hilo kwa heshima ya kweli. Kiwandani kulikuwa na mabomba ya chuma tu, na chuma, alisema, kinasema kila kitu kwa kila mtu. Nimerudia maneno hayo kichwani mara nyingi. Alikuwa ameyaelewa yote mawili, chuma na plastiki, na alikuwa ameyaeleza vizuri kuliko walimu wangu. Kilichobaki ni kuyaweka pamoja, na mikono yake ilikuwa imejifunza mapema mno kabla ya kichwa chake.

Mikono hiyo ilikuwa inafanya hivi. Kwenye kila soketi aliweka kiboksi cha chuma ndani ya ukuta, maana vya plastiki, alisema, vinapasuka skrubu zikikazwa. Kutoka kwenye soketi hadi kwenye kiboksi aliunganisha kipande kifupi cha waya wa kijani na njano, urefu wa kidole, aliouita mkia. Nje, chini ya dirisha la jikoni, alizika nondo ya shaba na kuifunga kwa waya mnene kwenye boksi kubwa la fyuzi. Kila kitu kilikuwa na mkia, kila kitu kilikazwa sawasawa. Mtu aliyefungua soketi yoyote katika nyumba ile aliona kijani na njano mahali panapostahili, akaifunga tena kwa amani. Aliyetumwa kukagua alifungua tatu, akasifu kazi, akaenda zake.

Mwenye nyumba alihamia mvua za masika zilipoanza. Tulimwita Mama Gaela, kwa jina la binti yake aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea. Alikuwa amekulia Uganda, alifanya kazi ofisini mjini, na Kiswahili chake kilikuwa cha kazi: kifupi, chenye neno iko kila mahali, bila mapambo. Baada ya wiki chache alimpigia Melkiori simu. Alisema friji iko inauma. Si kuuma sana, alisema, kama mchwa, lakini mtoto ameigusa na miguu mitupu akalia, na sasa hataki kupita jikoni. Melkiori alikuwa na mafua, akanituma mimi pamoja na Jamali, fundi kutoka Mwanza aliyekuwa amekuja kuweka hita za maji katika nyumba za jirani. Jamali alikuwa kijana wa maneno mengi, mtu anayeiongelesha hita kama mbuzi mkaidi. Alifungua soketi ya friji, akaona mkia, akasema kazi safi. Kisha akachomeka kifaa chake cha kupimia kwenye pini ya soketi, na ncha nyingine akaniambia niipeleke kwa waya mrefu hadi kwenye nondo ya shaba nje. Nikasubiri aniambie kitu. Alihamia soketi nyingine, na nyingine, na nilipoingia ndani nilimkuta ameketi kwenye sakafu ya jikoni, kimya, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwake.

Alinieleza kwa kidole, akichora kwenye vumbi. Kiwandani kwa mzee, bomba la chuma limeshika kiboksi, limeenda hadi boksi kubwa, na boksi limeshikwa na nondo. Waya ukichubuka ndani ya mashine, umeme unakimbilia kwenye mkia, unaingia kwenye kiboksi, unapita kwenye bomba lenyewe hadi ardhini, fyuzi inakatika, mtu anapona. Hakuna aliyevuta waya wa tatu kule kwa sababu bomba ndilo lililokuwa waya wa tatu. Hapa, alisema, mkia umefika kwenye kiboksi, halafu? Akagonga paipu nyeupe kwa ukucha. Halafu plastiki. Umeme ukifika hapo hauna pa kwenda. Unabaki kwenye mwili wa friji kusubiri mkono. Nilikumbuka maneno ya Melkiori juu ya mtu asiyepeleka maneno. "Nyumba nzima, dada," Jamali alisema. "Soketi hata moja haina njia."

Melkiori alikuja kesho yake, pua bado nyekundu. Jamali alimchukua hadi chumba kikubwa cha kulala na kuniomba nibaki jikoni nishike waya, ingawa hakukuwa na waya wa kushika. Nilielewa kwamba alitaka kumwambia mzee bila mtu kuwepo. Lakini soketi zilikuwa wazi pande zote mbili, na kona za paipu zilikuwa za Melkiori. Nilisikia kila neno. Jamali alieleza kwa sauti ya chini, kwa adabu, akirudia neno mzee kila sentensi. Ikafuata pumzi ile niliyoijua. Kisha Jamali akaanza kuongea haraka. Alisema kuna swichi ya kisasa inayokata umeme mara tu unapovuja kupitia mtu. Wataifunga kwenye boksi kubwa, kazi ya nusu saa, watamwambia Mama Gaela kwamba friji ilikuwa na unyevu, na hakuna mtu atakayejua, mzee. Mimi sitasema, alisema, na yule dada hatasema.

"Hiyo swichi inajua lini kwamba umeme unavuja?" Melkiori aliuliza.

Jamali alisema inajua pale mtu anapogusa.

"Kwa hiyo inangoja mtoto aguse kwanza."

Jamali akasema ni kufumba na kufumbua tu, mtu hafi. Nilikuwa nimepiga magoti, sikio kwenye kiboksi, na friji iliyochomolewa ilikuwa nyuma yangu, ikidondosha maji taratibu kwenye kitambaa. Nilichotaka wakati ule ni akubali. Nilikuwa nampenda kuliko nilivyoupenda ukweli. Alikuwa na nyumba moja kubwa maishani mwake, na mkandarasi alikuwa ameshamwonyesha kiwanja cha pili. Kupitia paipu nilisikia kofia ya sufu ikivuliwa, au nimejiambia hivyo tangu siku ile, maana sufu haina sauti. Sauti yake ilipotoka haikuwa na hasira.

"Na zile za Kabeza?" alisema.

Jamali akauliza za Kabeza zipi. Nilisikia hatua za Melkiori zikitoka chumbani, zikapita kwenye korido, zikafika sebuleni alikokuwa Mama Gaela.

Nilimfuata hadi mlangoni. Alikuwa amesimama, kofia mkononi, na kichwa chake kisicho na kofia kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Hakuzunguka. Alisema, Madamu, friji yako haina kosa, kosa ni langu. Aliweka nyaya mbili mahali palipotakiwa tatu, kwa sababu alizoea chuma, na plastiki ameielewa nusu. Mama Gaela alimsikiliza akiwa amemshika mtoto kiunoni. Alisema kwanza kitu kwa Kinyarwanda ambacho hakikuwa cha kumwambia mtu mzima, kisha akajirudi. Wiki iliyofuata walikuwa na ubatizo wa Gaela, wageni wanatoka hadi Kampala. "Muzehe," alisema, "hizi kuta zangu utazivunja?"

"Kama kona zangu ni nzuri, sitavunja," Melkiori alisema. "Kama ni mbaya, nitavunja, nitazifunga na kupaka rangi mimi mwenyewe. Lakini leo nakuzimia soketi zote."

Mama Gaela akauliza iko hatari kweli ama haiko, aambiwe neno moja tu. Iko, alisema Melkiori. Basi Mama Gaela akaenda mwenyewe kwenye boksi kubwa na kuanza kushusha swichi moja moja, akiuliza kila moja ni ya nini.

Waya wa kijani na njano alinunua Melkiori mwenyewe, na tulianza na chumba cha mbali. Waya wa tatu haupiti kirahisi katika paipu ambayo tayari ina nyaya mbili. Penye kona mbaya unakwama, ukiulazimisha unachubua wenzake. Tuliupaka sabuni ya unga iliyolowekwa. Jamali alisukuma, mimi nilivuta, na Melkiori alisimama katikati ya chumba, kiganja kwenye ukuta uliopakwa rangi, juu ya mahali kona ilipokuwa, akisikiliza kwa mkono. Ulipita. Tukaenda chumba cha pili, ukapita. Jamali alianza tena maneno yake, akamwambia ukuta kwamba una koo la mwimbaji. Soketi zote za nyumba ile zilimeza waya wa tatu bila sisi kugusa plasta, na kwa mara ya kwanza nikaona kazi ya mtu ikimsamehe mwenyewe mahali ambapo sisi hatukuwa na uwezo huo. Sijui kama yeye aliliona hivyo. Uso wake haukubadilika.

Paipu ya hita ya bafuni ilikataa. Tulisukuma asubuhi nzima. Yawezekana saruji iliingia, yawezekana siku ile alikuwa hajala kitunguu, hakutoa sababu. Alichukua nyundo na tindo, akatandika gazeti, akapasua vigae vya Mama Gaela vya rangi ya samawati kuanzia hita hadi darini, kwa mstari ulionyooka kama wa rula, na kila kipande alikiweka juu ya gazeti kwa mpangilio. Mama Gaela alikuja mlangoni, akatazama, akaondoka, kisha akarudi na chai ya maziwa kwa watu watatu. Alipomaliza kuunganisha, Melkiori aliwasha umeme, akavua viatu na soksi, akasimama kwenye sakafu yenye maji, akagusa mwili wa hita kwa nyuma ya mkono wake. Akauacha mkono pale. Kisha akaenda jikoni akafanya vivyo hivyo kwenye friji, na Gaela, aliyekuwa ameegemea ukuta wa mbali, akamtazama, akaja akasimama karibu naye, lakini friji hakuigusa. Ilimchukua mtoto yule mwaka mzima, mama yake aliniambia baadaye, kuigusa tena.

Vigae vya rangi ileile havikupatikana mjini. Vilivyopo pale leo ni vyeupe, mstari mmoja kutoka hita hadi juu, na kila ninapokwenda kwa Mama Gaela naingia bafuni hata nisipokuwa na haja.

Mkandarasi hakumfukuza, hakuwa amesikia lolote, na kiwanja cha pili kilikuwa bado kipo. Melkiori alimpigia simu mwenyewe, akasema kazi ile ampe Jamali. Halafu akakusanya vitu vyake sebuleni. Springi aliikung'uta vumbi na kuiweka kwenye mfuko wake, hakutuachia. Waya wa kijani na njano uliobaki aliuviringisha kwenye kiwiko na kiganja, mduara juu ya mduara, akautundika begani. Mimi nilikuwa bafuni, nikifunga kiboksi cha mwisho, na kifuniko kilikuwa bado mkononi mwangu. Kupitia paipu, kutoka upande wa sebule, nilimsikia Jamali akimuuliza kama twende naye Kabeza, watatu tutamaliza haraka.

"Hapana," Melkiori alisema. "Kule niliingia peke yangu."

Nilisubiri kusikia kitu kingine. Ilikuja harufu ya kitunguu kwanza, hafifu, ya mchana ule wa maharage, kisha hatua zake juu ya sakafu mpya, kisha, ndani ya ukuta, karibu na uso wangu, mlango wa mbele ukafungwa.